Kitambaa Kinywe Maji Kwanza
Desturi ya kuloweka nguo mbele ya kushona, Masisi na Walikale

Katika vijitabu kama hiki tumezoea kusoma juu ya mambo makubwa: kutawazwa kwa bami, mahari, matanga, ngoma, na masimulizi ya Mwindo kwa Wanyanga. Ni haki yake yaandikwe. Lakini mila ya watu haikai kwenye kiti cha mwami peke yake. Inakaa pia ndani ya beseni la maji, nyuma ya nyumba, pale mama anapozamisha kikwembe kipya jioni ili kesho kutwa kiende kwa mushonaji. Juu ya beseni hilo tunataka kuzungumza na msomaji.

Kila mtu aliyewahi kukaa kwenye baraza la fundi wa nguo, iwe Masisi-centre, Nyabiondo, Mubi ao Walikale, anaijua habari hii. Mteja anafika na kitambaa chake kimekunjwa vizuri. Fundi anakipapasa kwa vidole, anakivuta kidogo huku na huku, kisha anauliza: "Mama, hii ilisha kunywa maji?" Kama bado, fundi mwenye kuheshimu kazi yake hachukui mkasi. Anasema, "Enda uiloweke kwanza, utaileta ikikauka." Mteja mwingine anakasirika, maana ametembea mbali. Mwingine anatii. Kati ya hasira ya yule na utii wa huyu kuna historia ndefu, na ndani yake tunaona namna watu wetu walivyojifunza kutodanganywa na bidhaa zinazotoka mbali.

Maji yalitangulia mkasi

Kabla ya pamba kutufikia, watu wa msitu na watu wa milima walivaa ngozi na nguo za gome la mti. Gome halikutoka mtini likavaliwa. Lilibanduliwa kwa uangalifu, likakwanguliwa ngozi ya juu iliyo ngumu, likaloweshwa, kisha likapigwa juu ya gogo kwa nyundo yenye mifereji, polepole, mpaka likatanuka na kuwa laini. Baada ya hapo likaanikwa juani. Mtu aliyeharakisha kazi hiyo alivaa kitu kigumu kinachopasuka mabegani.

Majirani zetu wa Rwanda walifanya vile vile kwa mti wa umuvumu, na Waganda kwa mutuba. Kazi hiyo ya Waganda UNESCO iliitangaza mwaka 2005 kuwa urithi wa watu wote. Katika kazi hii yote mpangilio ni mmoja: maji na subira kwanza, umbo la nguo baadaye. Pamba ilipofika, haikukuta watu wasiojua kwamba nguo mpya lazima itayarishwe. Tofauti ni moja tu, na ndiyo iliyowashangaza wengi: gome likitayarishwa linaongezeka upana, lakini pamba ikiguswa na maji inapunguka.

Merikani na uongo wa wanga

Pamba ya dukani ilitufikia kwa njia ndefu. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar. Meli za Salem zilileta kitambaa kinene cha pamba kisichopaushwa, na watu wa pwani wakakiita merikani. Kutoka Zanzibar na Bagamoyo kilibebwa na wapagazi mpaka Tabora na Ujiji, kikavuka ziwa Tanganyika, kikafika Maniema, kwenye masoko ya Kasongo na Nyangwe. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wafanyabiashara waungwana na watu wa Tippu Tip walisukuma njia hizo mpaka kwenye misitu yetu, wakitafuta pembe za ndovu. Historia hiyo ina damu na utumwa ndani yake, hatuwezi kuisifu. Lakini ndiyo njia iliyotuletea kitambaa, na ndiyo iliyotuletea lugha hii tunayoiandika.

Merikani haikuwa nguo tu. Ilikuwa pesa. Ilipimwa kwa mkono, toka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mikono 4 ilikuwa shuka moja, mikono 8 ilikuwa doti, karibu mita 3 na nusu. Kwa kipimo hicho walinunua chakula njiani, walilipa wapagazi na kuwapa zawadi wakubwa wa vijiji. Sasa msomaji aone penyewe: kama kitambaa ni pesa na kinapimwa kwa mkono, basi kitambaa kinachopunguka majini ni pesa inayopunguka.

Palikuwa na jambo baya zaidi ya kupunguka. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, toka 1861 mpaka 1865, iliharibu biashara ya pamba, na merikani ya kweli ikawa adimu. Viwanda vya Uingereza na baadaye vya Bombay vikajaza nafasi yake. Pamba ikiwa ghali, wenye viwanda wengi wa Uingereza waliongeza wanga na hata udongo mweupe ndani ya kitambaa ili kionekane kinene na kizito. Mkononi kilikuwa kizuri. Kikishaingia mtoni, wanga na udongo vilikwenda na maji, na mwenye nguo alibaki na kitu chepesi sawa na chandarua. Wanunuzi wa Afrika ya Mashariki hawakuwa wajinga. Walijua kutofautisha vitambaa, na waliipenda merikani kwa sababu ilidumu baada ya kufuliwa. Njia ya mwongo ni fupi, na kwa upande wa nguo njia hiyo inaishia kwenye beseni.

Pamba ya kulazimishwa na cherehani ya barazani

Wakati wa Wabelgiji mambo yalibadilika sura. Kuanzia mwaka 1917 serikali ya koloni iliwalazimisha wakulima kulima pamba, na Maniema, jirani wa Walikale, ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kuonja kazi hiyo. Mkulima aliuza pamba kwa bei iliyopangwa na wengine, kisha alinunua kitambaa dukani. Léopoldville kulikuwa na kiwanda cha Utexléo, kilichoanzishwa katika miaka ya 1920, na Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, kulikuwa na Filtisaf. Toka Uholanzi vilikuja vitambaa vya wax vya Vlisco, kampuni iliyoanza Helmond mwaka 1846. Hivyo ndivyo kikwembe kilivyoingia katika mahari na sikukuu, na kwenye sanduku la kila mama.

Cherehani ya kukanyaga kwa mguu ilikaa barazani mbele ya duka. Mtu alinunua kitambaa ndani, akatoka, akampa fundi nje. Na katika misioni na nyumba za kufundishia wanawake, masista na wake za wazungu walifundisha wasichana kushona, kufua na kupiga pasi. Kwa hiyo elimu ya maji ilikuwa na walimu wawili: mama wa nyumbani aliyejua kwa macho yake kwamba kitambaa kinadanganya, na darasa lililofundisha kwamba pamba inarudi. Neno hili "kurudi" ni la zamani katika Kiswahili cha washonaji. Nguo inarudi, maana yake inajivuta na kuwa fupi. Kwetu wengi wanasema pia inakunyana.

Mwaka 1971 nchi iliitwa Zaire, na mwaka uliofuata siasa ya authenticité ilikuwa imeshika kila mahali. Wanaume waliacha koti na karavati, wakavaa abacost. Wanawake walikatazwa suruali, sketi fupi na nywele za bandia, wakarudi kwenye kikwembe na libaya yake. Mafundi walipata kazi nyingi. Kisangani, upande wa barabara inayoteremka toka Bukavu kupita Walikale na Lubutu, kiwanda cha Sotexki nacho kilitengeneza vitambaa. Lakini mwezi wa 11 mwaka 1973 Mobutu alitangaza zairianisation, maduka ya wageni yakagawiwa, na mengi yakafa mikononi mwa wenyeji wapya. Bidhaa zikapungua. Kikwembe kizuri kikawa kitu cha kutunzwa. Na kitu cha kutunzwa hakikatwi ovyo: kililoweshwa, kikakaushwa, kikapigwa pasi, ndipo fundi akaambiwa achukue kipimo.

Fundi ana sababu

Tueleze sasa kwa nini maji yanafanya hivyo, maana vijana wengi wanafikiri ni imani ya wazee tu. Pamba ikiwa kiwandani, nyuzi zake zinavutwa kwa nguvu kwenye mashini ya kufuma, hasa nyuzi za urefu. Zinakaa zimenyooshwa, na wanga unazishika hivyo. Maji yakiingia, uzi unavimba, unaachilia ule mvuto, unarudi katika urefu wake wa asili. Ndiyo sababu kitambaa kinapunguka zaidi kwa urefu kuliko kwa upana. Karibu na mwaka 1930 Mmarekani Sanford Cluett alitafuta namna ya kukipunguza kitambaa kiwandani kabla hakijauzwa, na kazi hiyo ikaitwa Sanforized. Lakini si kila kiwanda kinafanya hivyo, na kitambaa cha bei ndogo ndicho kinachoachwa bila kazi hiyo.

Tupige hesabu. Kipande kizima cha kikwembe kina yadi 6, karibu mita 5 na nusu. Kikipunguka sentimita 3 kwa kila mita, umepoteza sentimita 16 na zaidi. Kikipunguka 5, umepoteza 27. Sketi ya mita moja iliyoshonwa mbele ya maji, baada ya kufuliwa mara ya kwanza inapanda sentimita 5. Kwa mama mwenye kuheshimiwa kanisani, sentimita hizo si jambo dogo.

Tena nguo siyo kitambaa kimoja. Ndani kuna bitana, na bitana ya nailoni hairudi. Basi kikwembe kinajivuta, bitana inabaki, na mshono unakunjamana mbele ya kifua sawa na uso wa mzee. Hata pasi ya makaa haiwezi kuunyoosha. Fundi aliyeloweka kwanza anaepuka aibu hiyo.

Kuna sababu nyingine ambayo watu wa Walikale wanaijua kuliko watu wa mji. Msituni hewa ina unyevu mwaka mzima, na Masisi, kwenye milima yenye ukungu, nguo inaweza kukaa siku mbili bila kukauka. Wanga ni chakula. Kitambaa chenye wanga mwingi kikifungiwa sandukuni katika hewa hiyo, kinaota madoa ya ukungu, na mende wanakitafuna. Kukifua mapema ni kuwanyima chakula.

Namna ya kuloweka nayo ina adabu yake. Kwanza unashona ncha mbili kwa mkono, mishono mirefu, ili nyuzi zisifumuke. Unachukua kona moja, unailowesha na kuisugua kwa kitambaa cheupe. Rangi ikihamia pale, ujue kikwembe hicho kitafuliwa peke yake siku zote. Unakizamisha katika maji baridi, unakiacha usiku kucha, bila kukisokota. Asubuhi unakianika kivulini, kimenyooka, pindo juu ya pindo. Kikibaki na unyevu kidogo unapiga pasi kwa kufuata uzi. Wengine wanaweka chumvi ndani ya maji ili rangi ishike. Chumvi inaweza kupunguza kidogo kutoka kwa rangi siku ile, lakini rangi ambayo kiwanda hakikuishikisha haitashikishwa na chumvi ya jikoni. Wax ya kweli, ambayo ilikwisha kupitishwa katika maji mara nyingi kiwandani ili nta itoke, haina shida hiyo sana. Na nguo za mitumba mafundi wanazipenda kwa jambo moja: "Ile ilisha kurudi yote, haiwezi tena kukushangaza."

Kikwembe kikinywa maji kimeacha kuwa pesa

Tunafika sasa kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo kiini cha habari hii. Siku hizi mafundi wengi wanalalamika kwamba wateja hawaloweki tena. Lawama inapewa vijana: hawana subira, wanataka nguo leo kwa sikukuu ya leo. Lawama hiyo ina ukweli wake. Vitambaa vya 8 Machi vinafika siku chache mbele ya sikukuu, nguo za shule zinaagizwa wiki ya mwisho mbele ya Septemba, na fundi anakata kitambaa kibichi ili asipoteze mteja. Tena, toka miaka ya 2000, soko limejaa wax za kuiga toka China, na uzuri wa nyingi kati yake umo katika wanga na mng'ao. Mama anajua: nikiiloweka, itafika kwa fundi imekwisha kuzeeka. Bora ing'ae siku moja.

Lakini hayo siyo yote. Kikwembe ambacho hakijaguswa na maji, chenye karatasi yake na mikunjo yake ya kiwandani, bado ni pesa, kama merikani ilivyokuwa pesa. Mama anakiweka sandukuni. Mtoto akiugua, anakiuza. Msichana akiolewa, kinakwenda kwa mama mkwe, na ni lazima kiende kikavu na kipya, maana kilichofuliwa kitadhaniwa kuwa kimevaliwa. Siku kinapoingia majini, mlango huo unafungwa. Hakiwezi tena kuuzwa kama kipya. Kimeacha kuwa pesa, kimekuwa nguo ya mtu fulani, na kinamngoja fundi.

Kwa hiyo kuloweka ni kuamua. Ni kusema: hiki sitakiuza, nitakivaa, na nitakuwa hapa siku kitakapokauka. Katika nchi yenye amani uamuzi huo ni mwepesi. Kwetu haujakuwa mwepesi tangu Machi 1993, mauaji yalipoanza katika soko la Ntoto, huko Walikale, yakaenea Masisi. Baada ya hapo zilikuja vita za 1996 na 1998, na nyingine ambazo msomaji anazijua kwa majina na kwa makaburi. Watu wamekimbia mara ngapi? Na mama anayekimbia anabeba nini kichwani? Sufuria, mtoto mgongoni, na vikwembe vilivyokunjwa. Kikwembe kikavu ni chepesi na kinauzika Sake ao Goma. Kikwembe kilichoachwa kwenye kamba kinabaki kwa mwizi.

Hata miaka ya madini ilikuwa na hesabu hiyo. Wakati kasiterite ya Bisie ilipokuwa ikisafirishwa kwa ndege ndogo zilizotua barabarani, pale Kilambo, ndege hizo zilirudi toka Goma zikiwa na bidhaa za soko la Mubi. Kitambaa kilichosafiri kwa ndege kilikuwa ghali, na mwenye kukinunua alikiangalia mara mbili kabla ya kukitia maji.

Tulipoona tena watu wakikimbia mwanzoni mwa 2025, Masisi-centre ilipochukuliwa na M23, kisha Goma mwezi wa Januari, na Walikale-centre mwezi wa Machi kwa muda mfupi, tulielewa vizuri zaidi kwa nini beseni limekauka. Desturi ya kuloweka haikufa kwa ujinga. Inataka mtu awe na uhakika wa siku tatu: siku ya maji, siku ya jua, siku ya mkasi. Mahali ambapo mtu hana uhakika wa kesho, anaacha kitambaa kikavu.

Tufanye nini

Hatusemi kwamba kila mtu arudi kwenye desturi hii kwa lazima. Kitambaa cha tergali cha nguo za shule hakina haja yake, na mwenye kutunza kikwembe kwa ajili ya dawa za mtoto ana haki ya kukiacha kikavu. Tunaomba mambo mawili tu.

La kwanza ni kwa mafundi na kwa vituo vinavyofundisha vijana kushona, vingi vikiwapokea wasichana waliofukuzwa makwao na vita. Wafundisheni sababu ya maji pamoja na kazi ya mkasi. Mteja akikataa kuloweka, aambiwe waziwazi kabla ya kulipa, na fundi aache akiba pana ndani ya mshono na pindo refu chini, ili nguo ikirudi iweze kufunguliwa. Hivyo ugomvi wa "ni nani atalipa" unakwisha mbele ya kuanza. Tumeuona ugomvi huo ukivunja urafiki wa miaka.

La pili ni kwetu sote. Tukimwona mama ametandika kikwembe kipya kwenye kamba, kisicho na mshono wowote, tujue tunaona kitu kikubwa. Amekwisha kukijaribu kitambaa chake, ameona kama rangi yake ni ya kweli ao ya uongo. Na zaidi ya hayo, amekubali kuitoa pesa yake katika sanduku na kuifanya nguo, kwa sababu anafikiri Jumapili ijayo atakuwa bado nyumbani kwake. Katika Masisi na Walikale ya miaka hii, kamba yenye kikwembe kibichi inatuambia juu ya usalama wa kijiji kuliko hotuba nyingi.